Mfalme Aliyetaka Kujua Maji Yanakotoka

Nilizaliwa Beni. Asubuhi zenye hewa safi, kabla jua halijapata nguvu, mama alikuwa akituita nje tuutazame mlima wa theluji. Haukuonekana kila siku. Mawingu yaliweza kuuficha wiki baada ya wiki mpaka mtoto akasahau kwamba upo, halafu asubuhi moja unafungua mlango na usingizi ungali machoni, unaukuta umesimama mbele yako, mweupe, mkubwa kuliko kitu chochote unachokijua. Mama aliutazama, nasi tukautazama. Muda si mrefu joto lilipanda, mlima ukafutika, na siku ikaanza kama siku nyingine.

Nilikuwa msichana mkubwa baba alipohamishia biashara yake ya viatu Bunia. Huko ndiko nilikomalizia masomo, nikaolewa, nikawa mwalimu wa historia. Lakini mfalme ninayetaka kusimulia habari zake nilikutana naye kabla ya hapo, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Profesa wetu alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti hata wakati wa jua kali. Siku moja aliingia na karatasi ya fotokopi, akaitoa ipite mkono kwa mkono. Ilikuwa ramani ya zamani, ya duara, nakala ya nakala, na mistari mingine ilikuwa imefifia. Kila aliyeipokea aliigeuza, akaigeuza tena.

"Muache kuigeuza," profesa alisema. "Iko sawa vile. Bale batu balikuwa naweka kusini juu."

Ilipofika kwangu niliishika kwa mikono miwili. Juu kabisa, mahali ambapo sisi tumezoea kuiona Ulaya, palikuwa Afrika. Ndani ya Afrika mtu alikuwa amechora mlima mrefu kama ukuta. Kutoka mlimani maji yalishuka kwa njia nyingi, yakaingia katika maziwa, na kutoka maziwani mto mmoja uliteremka karibu karatasi nzima kwenda baharini.

"Profesa, huu mulima ni gani?"

"Balikuwa naita Mlima wa Mwezi. Na huo muto ni Nile."

"Nani alichora?"

"Mwarabu mumoja, mutu ya masomo mingi. Lakini mwenye kumutuma alikuwa mufalme wa Sisilia, kisiwa kule mu bahari ya Mediterania. Karne ya kumi na mbili."

Profesa alituonya tusiiamini karatasi ile kupita kiasi. Alisema mengi yalitoka katika vitabu vya Wagiriki wa zamani zaidi, mengine katika maneno ya wafanyabiashara, na kwamba wataalamu hawajakubaliana mlima ule ulikuwa upi. Nilimsikia vizuri na kuandika aliyoyasema. Lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kurudi kwenye mlango wa nyumba yetu ya Beni. Mtu mmoja, ng'ambo ya jangwa na ng'ambo ya bahari, mtu mwenye kiti cha enzi na majeshi, alikaa siku moja akataka kujua maji yanatoka wapi. Na maji yalitoka huku kwetu.

Tangu siku hiyo nilianza kumtafuta. Nilimpata vipande vipande, ukurasa mmoja katika kitabu cha maktaba ya mapadri, mistari michache katika kingine, na miaka ya baadaye katika simu yangu, mtandao ulipokubali. Nilipoajiriwa katika shule moja ya sekondari mtaa wa Lumumba, nilikuwa namjua kama mtu anavyomjua jirani anayemwona kila siku juu ya ua.

Kalasi ya nne walikuwa na somo la Ulaya ya Enzi za Kati. Nilikuwa nalifundisha kama lilivyoandikwa, ngome na mashujaa na mikataba, na wanafunzi walikuwa wakilala. Kalasi yenyewe ilikuwa Bunia nzima. Walikuwepo watoto wa wafanyabiashara kutoka Butembo na Beni kama mimi, watoto wa familia za Ituri tangu zamani, wenye ng'ombe na mashamba, na mwaka ule waliongezeka wale waliokimbia vita vya Djugu, kaskazini mwa mji, ambao walikaa na wazazi wao chini ya mahema pembezoni mwa mji. Siku moja nilifunga kitabu nikawaambia, "Leo nitawasimulia habari za mtu mmoja."

Niliwaambia alikuwa mtoto mdogo sana baba yake alipokufa. Kaka yake aliyerithi nchi naye alikufa angali mtoto, na mama yao akaishika nchi kwa mkono wake mpaka huyu mdogo akue. Alikulia Palermo, mji ambao kengele za kanisa na mwadhini wa msikiti walisikika mtaa mmoja. Makarani wa mama yake waliandika Kigiriki, matajiri wa soko walisema Kiarabu, na askari wa baba yake walisema lugha yao waliyokuja nayo kutoka kaskazini.

"Mutu akienda mu soko anahitaji luga tatu," nilisema.

"Madame, hiyo ni kidogo," kijana mmoja akajibu. "Hapa ni tano." Kalasi yote ikacheka, na kwa mara ya kwanza niliona hakuna aliyelala.

Nikaendelea. Hakuzaliwa mfalme. Babu yake alikuwa bwana mdogo wa kijiji, mwenye wana wengi kuliko mashamba, na wana hao walikwenda mbali na farasi na panga kutafuta maisha. Yeye alirithi kisiwa na cheo cha chini ya ufalme, na cheo hicho hakikumtosha. Ndugu zake wa ng'ambo ya mlango wa bahari walipokufa bila mrithi, alivuka akachukua nchi zao. Wakati huo watu wawili walikuwa wakigombea kiti cha Roma, kila mmoja akisema yeye ndiye Baba Mtakatifu wa kweli. Kijana wetu alimuunga mkono mmoja, na mmoja huyo akampa taji. Huyo alipokufa, yule mwingine alibaki peke yake, akaja na jeshi kumvua taji. Akashindwa, akakamatwa.

"Alimukamata Baba Mutakatifu?"

"Alimukamata. Halafu mufalme na batoto yake balimuangukia mufungwa wao ku miguu, bakamuomba baraka. Mbele ya siku zile kuisha, mufungwa akakubali ile taji."

Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa Kanisa, wamelelewa na katekisimu, na niliona wanajaribu kuiona picha ile, mshindi amepiga magoti na mfungwa amesimama. Hata mimi, kila ninapoifikiria, sijui nimwogope mtu yule au nimsifu.

Niliwaambia pia juu ya joho lake la hariri nyekundu, lililotariziwa simba wawili wanaokamata ngamia, na pindo lake likizungukwa na herufi za Kiarabu za kumtakia heri, ingawa mwenye kulivaa alikuwa Mkristo. Niliwaambia juu ya kanisa alilojenga ndani ya jumba lake, kuta zake zikiwa na vijiwe vya dhahabu, dari yake ikichongwa na mafundi Waislamu. Nikawaambia alivyotuma merikebu zake kuteka miji ya pwani ya kaskazini ya Afrika. Sikuwaficha kwamba miji ya Italia iliyomwasi aliichoma.

Hapo ndipo msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono. Alikuwa mrefu, mwembamba, amekuja shuleni kwetu katikati ya mwaka. Nilijua tu kwamba alitoka upande wa Bule, kule Djugu, na kwamba anakaa na baba yake kwenye mahema. Tangu aje sikuwa nimeisikia sauti yake ila wakati wa kuita majina.

"Madame," alisema, "batu ya ile miji balikimbilia wapi?"

Katika yote niliyosoma sikukumbuka mahali palipoandikwa. "Sijui," nilimwambia. "Vitabu hazisemi."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea, akakaa.

Somo lililofuata niliwasimulia juu ya ramani. Mfalme alimwita yule msomi Mwarabu, akamkalisha karibu naye, na wakaanza kuwaita wasafiri. Kila aliyefika kwa merikebu au kwa miguu, mfanyabiashara, hujaji, baharia, aliletwa mbele yao aulizwe. Umetoka wapi? Njia ikoje? Mto unaelekea upande gani? Watu wa huko wanakula nini? Kisha waliwauliza wengine waliopita njia ileile. Maneno yakilingana waliyachukua, yakipingana waliyaweka pembeni. Walifanya hivyo miaka mingi. Mwishoni mfalme aliamuru itengenezwe sahani kubwa mno ya fedha tupu, na dunia yote ichongwe juu yake, na kitabu kiandikwe cha kuieleza.

"Mufalme mwenyewe alikuwa nauliza?" msichana wa Bule alisema bila kuinua mkono.

"Mwenyewe."

"Batu ya chini pia?"

"Kama walikuwa wamesafiri."

Karibu na mwisho wa mwaka, prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alipotaka kila kalasi itayarishe kitu cha kuonyesha wazazi siku ya sherehe, kalasi ya nne hawakutaka ngoma wala mashairi. Walitaka mfalme.

Vijana walidhani kazi ya kumchagua imekwisha kabla haijaanza. "Mufalme ni mwanaume, Madame." Niliwaambia mfalme ni yule atakayeweza kuketi kitini na kuuliza. Nikaweka kiti changu mbele ya ubao, nikasema kila anayetaka aje aketi amuulize mwenzake mmoja tu: unatoka wapi? Wa kwanza alifoka mpaka wenzake wakaziba masikio. Wa pili alitoa tumbo mbele na kuongea kama mwanasiasa kwenye redio. Kulikuwa na kicheko kingi. Kisha msichana yule alitoka nyuma, akaketi, akaweka mikono yake magotini. Alimwangalia kijana aliyesimama mbele yake, mtoto wa muuza mafuta, mtundu kuliko wote. Alingoja kelele ziishe. Aliendelea kungoja. Halafu akauliza, taratibu, kana kwamba jibu ndicho kitu alichokuwa amekikosa maisha yake yote:

"Unatoka wapi?"

Kijana yule aliinamisha macho. "Natoka Oicha," alisema. "Tulikuja nikiwa mudogo. Sikumbuke nyumba yetu." Hakuna aliyekuwa amejua hilo. Hakuna aliyecheka. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha juu ya nani atakuwa mfalme.

Tulifanya kazi majuma kadhaa. Mjomba wa mwanafunzi mmoja, fundi wa majiko, alitugongea sahani kubwa ya duara kutoka mabati ya zamani, akaipiga rangi ya fedha, na kijana wa Oicha, aliyepewa sehemu ya msomi, akachora juu yake bahari na nchi kwa msumari, kusini ikiwa juu. Mke wa prefe alituazima pazia jekundu. Wasichana walitarizi simba kwa uzi wa njano, na simba walitoka vizuri, lakini ngamia hakuna aliyewahi kumwona, basi akatoka kama ng'ombe mwenye shingo ndefu. Tukamwacha hivyo.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali. Wazazi walijaa uwanjani chini ya mahema ya plastiki, wengine wameketi kwenye viti, wengi wamesimama. Prefe alikuwa mbele na wageni wake. Mchezo ulikuwa na wasafiri watatu, wanafunzi waliojifunza maneno yao kwa moyo. Asubuhi ile mmoja alilala na malaria, na wa pili, alipoona umati ule, alipotelea vyooni na hatukumwona tena. Tukabaki na mmoja. Nilitaka tuufupishe mchezo. Msichana alikuwa amekwisha kuvaa joho.

"Madame, tuache tu tuanze," alisema.

Aliingia. Nakumbuka mama mmoja nyuma yangu alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo. Pazia lile lilimshukia mpaka miguuni, na alitembea kama mtu asiyejua haraka ni kitu gani. Aliketi. Msomi wake alisimama kando na msumari mkononi, sahani imeegemezwa ukutani ikiwaka jua. Msafiri wa kwanza alikuja, akasema maneno yake juu ya Konstantinopoli, akaondoka. Nilijua hakuna aliyebaki wa kuingia.

Mfalme aliinuka. Alikuja mpaka ukingoni mwa kivuli, akawatazama wazazi.

"Ufalme yangu imejaa basafiri," alisema. "Weye mama, mwenye kilemba ya buluu. Unatoka wapi?"

Mama yule alikuwa muuza vitunguu, namfahamu kutoka sokoni, mtu asiyekosa neno. Safari hii aliangalia kulia na kushoto kama aliyeitwa mahakamani. Kisha akainuka, akaufunga vizuri mkanda wa kitenge chake.

"Natoka Butembo, Mufalme."

"Njia iko namna gani?"

"Ni mubaya, Mufalme." Watu wakacheka. Mfalme hakucheka, na kicheko kikazimika. "Ni Butembo, Beni, Oicha, Komanda, mpaka hapa. Mvua ikinyesha malori inalala mu matope. Na kuna pahali batu hawapite tena peke yao."

"Nani mwingine alipita ile njia?"

Mikono iliinuka sehemu nyingi. Mfalme alimwonyesha mzee mmoja dereva, akamuuliza maneno yaleyale, na mzee akayathibitisha, akaongeza daraja moja ambalo mama alikuwa amelisahau. "Ni kweli, ile daraja iko," mama akakubali.

"Andika," mfalme alimwambia msomi. Msumari ulikwaruza bati, na sauti yake ilisikika uwanja mzima.

Sijui niieleze vipi saa ile. Nilikuwa nimeandika mchezo, lakini sikuwa tena na mchezo mkononi. Prefe alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini. Dereva mmoja kijana alijitaja mwenyewe kuwa anatoka Epulu, akasema kule kuna okapi, mnyama mwenye miguu ya mistari na ulimi mrefu mpaka anajilamba masikio. Mfalme alimkazia macho. "Unasema bongo mbele yangu?" Kijana akaapa kwamba si uongo. "Nani mwingine alimuona?" Halafu kutoka mwisho kabisa, mama mmoja aliyebeba mtoto akasema yeye alizaliwa karibu na kituo cha kutunzia okapi na baba yake alifanya kazi huko ya kulinda pori, na kwamba mnyama yuko. Mfalme aligeuka taratibu. "Andika," alisema, na umati ukapiga makofi kana kwamba okapi ameumbwa wakati ule.

Kisha akamwona baba yake. Mzee yule alisimama nje ya kivuli, karibu na ukuta, shati lake limefuliwa mpaka limepoteza rangi. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, alipokuja kumwandikisha binti yake, na alikuwa amejibu maswali yote kwa ndiyo na hapana.

"Weye papa," mfalme alisema, na sauti haikubadilika hata kidogo. "Unatoka wapi?"

"Bule," alisema. Kisha, kama aliyekumbuka yuko mbele ya nani, akavua kofia. "Natoka Bule, Mufalme."

"Maji ya kwenu inatoka wapi, na inaenda wapi?"

Hilo halikuwa katika mchezo. Wala sikuwa nimewafundisha. Mzee aliinua mkono wake na kuanza kuchora hewani.

"Kwetu ni ku milima," alisema. "Kuna kilima moja pale juu, mi nilichunga ng'ombe pale tangu nikiwa mutoto. Mvua ikinyesha juu ya ile kilima, maji inagawanyika. Ya huku inashuka upande jua inatoka, inateremuka ku ziwa, ku Ziwa Albert. Ya huku inashuka upande jua inazama, inaenda mu Ituri, mu pori. Unaweza kusimama pale mvua ikinyesha, muguu moja mu maji ya huku, muguu ingine mu maji ya huku. Mi nilisimama pale mara mingi."

Mfalme alingoja. "Na kutoka ku ziwa, inaenda wapi?"

"Banasema inaenda mbali. Mpaka ku bahari. Sijafika."

"Na ile ya pori?"

"Pia mpaka ku bahari. Bahari ingine."

"Nani mwingine anafahamu ile kilima?"

Nilishikwa na hofu hapo. Wazazi waliokuwa uwanjani hawakuwa wote upande mmoja katika mambo ya Djugu, na kila mtu alilijua hilo, ndiyo maana tulizoea kutotaja vilima kwa majina. Mwanaume mmoja mnene, mwenye kofia ya majani, alisimama kati ya viti. Nilijua kwa lugha yake ya nyumbani kwamba si wa watu wa mzee yule. Walitazamana.

"Mi naifahamu," alisema mwenye kofia. "Siye tulikuwa nalima chini yake. Anasema kweli. Maji inagawanyika."

"Andika," mfalme alisema.

Kijana wa Oicha alipanda juu ya kiti ili afikie sehemu ya juu ya sahani, kusini, na hapo akakwaruza kilima kidogo na mistari miwili ikishuka pande mbili. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba mgongo unaogawa maji ya Nile na ya Kongo unapita karibu na mji wetu. Nilikuwa nimeuchora ubaoni. Siku ile ndipo nilipouona. Machozi yalinitoka mbele ya wageni wa prefe na sikuyafuta.

Mchezo uliisha kama tulivyouandika. Mwanafunzi tuliyempa kazi ya kusoma alisimulia kwamba wana wa mfalme walikufa mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake, akabakiwa na mmoja wa kumrithi, na kwamba kitabu cha ramani kilipokamilika yeye mwenyewe hakukaa sana, akafa. Alisoma pia kwamba wakati wa mwanawe watu waliasi, wakaingia katika jumba la kifalme, na ile sahani ya fedha haikuonekana tena.

"Baliipora?" bibi mmoja aliuliza kwa sauti.

"Baliipora, bibi," msomaji akajibu, akiwa ameiacha karatasi yake.

Uwanja mzima uliguna. Watu wa Bunia wanalijua neno hilo bila kufafanuliwa. Wengine walitikisa vichwa kwa huzuni, wakimlilia mfalme wa kisiwa ambacho hawatakiona kamwe. Kisha msomaji alimalizia kwamba kitabu kilipona, maneno ya wasafiri yakabaki, na watu wakaendelea kukinakili mpaka leo.

Baadaye, wazazi wakiondoka, nilimwona mzee wa Bule na mwanaume mwenye kofia ya majani wamesimama langoni. Sikusikia waliyoongea. Yule mnene alikuwa akionyesha kwa mkono kitu kama mteremko, na mzee alikuwa akimsahihisha. Waliagana kwa kushikana mikono, basi. Mzee alinifuata.

"Madame, aksanti," alisema. "Tangu tufike huku kila mutu ananiuliza nilipoteza nini. Ng'ombe ngapi, nyumba ngapi. Leo njo mara ya kwanza mutu ananiuliza nafahamu nini."

Nilimwambia si mimi niliyeuliza. Alitabasamu kidogo. "Najua," alisema. "Nilimuona mufalme."

Waliendelea kukaa kwenye mahema muda mrefu. Walirudi kwao kulipotulia, wakakimbia tena, wakarudi tena. Binti alimalizia sekondari kwetu, akafaulu mtihani wa serikali, akasoma kilimo hapa Bunia huku akifua nguo za watu ili ajilipie chakula. Baba yake alifariki nyumbani kwake, kitandani kwake, jambo ambalo kwa watu wa kule si dogo. Leo binti huyo anafanya kazi Bule na akina mama wanaolima viazi na maharagwe, anawatafutia mbegu na magari ya kuleta mazao sokoni.

Msimu wa mvua uliopita alipita kunisalimia. Nilimpikia chai, tukakaa sebuleni, mvua ikigonga bati. Amenenepa kidogo, sauti yake bado ni ileile ya taratibu. Aliniuliza habari za shule, nikamuuliza habari za shamba. Kisha akaweka kikombe chini.

"Madame, kuna kitu nataka kukuambia mbele ya kuambia mutu mwingine. Nataka kutawala."

"Kutawala nini?"

"Territoire ya Djugu. Yote. Nataka siku moja niwe administrateur."

Nilimwangalia. Alitaka kuwa mkuu wa wilaya nzima. Sijawahi kumwona mwanamke wa umri wake akilisema hilo bila kucheka kwanza ili ajilinde na watakaomcheka. Yeye hakucheka. Alianza kunieleza, akihesabu kwa vidole, ni barabara zipi zitengenezwe kwanza, zahanati ipi haina mkunga, ni machifu gani wawili lazima waketi meza moja kabla ya jambo lolote, na nani atakayemkataa kwa kuwa ni mwanamke na nani kwa kuwa ni binti wa nani. Alikuwa amefikiria hata namna ya kuongea na wale watakaomchukia.

"Itachukua miaka mingi," nilimwambia.

"Niko na miaka," alijibu.

Mvua ilipopungua nilimsindikiza mpaka barabarani. Motari, dereva wa pikipiki, aliyesimama alitaka kumpakia na mzigo wake wa mbegu, akauliza anaenda wapi. Alimtajia, akapanga naye bei, akapanda. Nilibaki pale kando ya barabara, matope yakinipanda kwenye viatu, nikimtazama mpaka pikipiki ikapotea nyuma ya malori, na nilikuwa na woga mtamu kifuani ambao sikuwa nimeuhisi tangu nilipokuwa mtoto mlangoni Beni.